Koo la Nerima, Mguu wa Kweyu

Wanawake wengine wa Makadara huamka wakawasha jiko. Nerima huamka akawa ngoma. Ndiyo kazi iliyomwangukia uzeeni, wala hakuiomba. Kabla maji ya chai hayajapata moto anakuwa ameshasimama mbele ya kitanda, viganja tayari, sauti bado ina tongotongo, akipiga makofi na kuimba wimbo wa kanisani ambao maneno yake yalimwishia kitambo, ikabaki sauti tupu: hee-ya, hee-ya, hee-ya. Hapo ndipo mumewe Kweyu, baba mzima mwenye mabega yaliyobeba mataruma ya reli, anapoinuka, akatoa mguu wa kulia, akatoa wa kushoto, akaenda.

Nerima akinyamaza, Kweyu anasimama. Si kwa kiburi, ingawa kiburi anacho na kingemtosha yeye na ukoo. Ni nyayo zinazoshika sakafu kama zimekanyaga lami mbichi. Mwili unataka kwenda, mguu hautaki, na mzee anabaki pale kizingitini akitetemeka, ungedhani anabishana na mtu asiyeonekana.

Kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi choo cha ploti kinachotumiwa na wapangaji wote, chooni hadi kwenye kiti cha jua, kila hatua ya Kweyu ilipitia kwanza kooni mwa mkewe. Majirani, ambao hawajui kumwacha mtu apite bila jina, wakambatiza Mama Redio.

"Mama Redio leo betri iko chini," akasema kijana mmoja asubuhi moja, anapiga mswaki mferejini.

"Betri iko chini, na wewe uso wako bado uko jana," Nerima akamjibu bila kugeuka, kisha akaendelea pale pale alipoachia, hee-ya, maana Kweyu alikuwa amebakisha mguu mmoja hewani.

Ugonjwa wenyewe ulianzia mkononi. Na hapa ndipo watu wa kanisa lao walipokosea kosa ambalo dunia nzima isingeweza kulikosea ila wao.

Kanisa lao ni la kanzu nyeupe, lile linalotoka Jumapili na bendera mbele na ngoma nyuma ya bendera, likazunguka mitaa ya Eastlands kwa mguu. Mgeni akiliona atadhani ni harusi. Mwenyeji husogeza tu meza yake ya nyanya ili lipite. Ngoma ni ile kubwa yenye nyuso mbili, inayoning'inizwa shingoni, na kwa miaka mingi shingo yenyewe ilikuwa ya Kweyu. Alikuwa akisema kwamba akiigonga, hata mbwa wa Kaloleni walikuwa wanajipanga foleni. Hakuna mbwa aliyejitokeza kumkanusha.

Sasa Jumapili moja, katikati ya maombi, mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Na katika kanisa lile, mkono ukitetemeka, Roho amefika. Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji Mulongo, mtu mwembamba mwenye sauti nene, akaamuru nafasi iachwe mbele, mzee asimame peke yake, ujumbe usije ukamwangukia mtu mwingine kimakosa. Kweyu hakukataa. Ukimwendea mtu mwenye majivuno ukamwambia mbinguni wamemchagua, atabisha nini? Aliona hata wamechelewa.

Wakangoja unabii. Wakangoja msimu mzima. Akikwama mlangoni mwa kanisa, watu nyuma yake wakatulia wakanong'onezana, "Msimguse, anaona." Alichokuwa akikiona ni mlango. Siku moja midomo ikafunguka, kanisa zima likainamisha kichwa, naye akasema, "Nileteeni stuli." Mulongo akaihubiri stuli hiyo mahubiri mazima: stuli ya miguu mitatu, imani, tumaini na upendo. Hakuna aliyeileta. Mzee akasikiliza mahubiri yake mwenyewe akiwa amesimama.

Nerima naye alishukuru pamoja na wengine. Hilo lilimchoma baadaye. Alikuwa akilala kando ya ule mkono kila siku, akausikia ukicheza chini ya blanketi, akasema amina. Mpaka Kweyu alipoanguka na ngoma barabarani, ngoma ikaviringika mbele yake, ndipo wakaenda hospitali, na daktari akautaja ugonjwa kwa jina la Kizungu, Pakinsoni. Ni ule unaolegeza mahali fulani ndani ya ubongo panapouambia mwili: sasa, twende. Dawa zipo, akasema daktari, zitamsaidia, lakini haziondoi. Akawapeleka kwa msichana wa mazoezi ya viungo.

Msichana huyo aliitwa Mitchelle, ana viatu vyeupe vya kukimbilia na subira isiyo ya umri wake. Alimtazama Kweyu akikwama katikati ya chumba, hakumvuta, hakumsukuma. Alitoa simu akaiwekea mlio wa ko, ko, ko, kama mtu anayegonga mlango bila haraka. Kweyu akainua mguu. Akaenda hadi dirishani, akageuka, akarudi.

Nerima akashika kiuno. "Kumbe huyu mzee amekuwa akinichezea?"

"Hapana, mama," Mitchelle akacheka. "Keti nikueleze. Ubongo haungoji ngoma ilie ndipo usikie. Unaitangulia. Ukishasikia mapigo machache, unajua linalofuata litaangukia wapi, unaanza kuutayarisha mguu kabla pigo halijafika. Likianguka pale pale ulipolitarajia, ubongo unafurahi. Ndiyo maana wimbo mzuri unakuinua kwenye kiti kabla hujaamua kuinuka. Sasa mzee, ile ngoma ya ndani inayosema twende imelegea. Hii ya nje inamwazima."

Nerima akafikiri. Yeye alifika darasa la sita, la saba likapita bila yeye, lakini kichwa chake hakikubaki nyuma pamoja na madaftari.

"Ni kama mate," akasema.

"Mate vipi?"

"Mimi napika ugali pale soko la Burma, kando ya bucha. Mteja akisikia panga likigonga gogo, mate yanamjaa. Nyama bado iko kwenye ndoano. Mdomo umeshaanza kula."

Mitchelle alimkazia macho kidogo, kisha akasema, "Ni hivyo hivyo, mama. Mate ya miguu." Wakacheka wote wawili. Kweyu hakucheka. Alisema yeye hajawahi kusikia mpiga ngoma mkuu akilinganishwa na mate.

Basi Nerima akarudi nyumbani na dawa mkononi na kazi mpya kooni. Wiki za kwanza alifurahi. Mume aliyekuwa jiwe sasa anatembea, na ufunguo uko kinywani mwake, nani asingefurahi? Lakini furaha ya kumwimbia mtu aende chooni haina umri mrefu. Sauti ikakauka. Makofi yakamwachia vidole vizito hata sindano ikawa inamponyoka. Akiwa usingizini akisikia kitanda kinalia, anaanza kuimba kabla hajafumbua macho. Alichoka uchovu ambao hauna mahali unapouma, ule ambao ukiulizwa unaumwa wapi, unabaki kutazama ukuta.

Na lile jiko la Burma likawa linampungia mkono wa kwaheri. Pale ndipo alipokuwa Nerima, si Mama Redio. Mwiko wake wa ugali ulikuwa mrefu kama kasia, moshi wa nyama choma ukimzunguka, na wanaume wenye tai na wenye ovaroli wakipanga foleni moja mbele yake bila kubaguana. Nafasi yake ilikuwa imeshikwa na Apondi, mwenzake wa siku nyingi, mwanamke wa maneno machache isipokuwa kwenye simu.

"Mama Triza, mimi sikufichi," Apondi akampigia. "Mwenye bucha amechoka kungoja. Ana shemeji yake. Usipokuja mwezi ukiisha, jiko linakwenda kwa shemeji. Na huyo shemeji, dada yangu, ugali wake unamwagika."

"Nitakuja."

"Na mzee?"

Nerima akakata simu. Hilo ndilo lililokuwa swali, na lilikaa naye mchana na usiku: mzee ataendaje bila yeye? Asipoweza kutembea bila koo lake, basi jiko limekwenda, na yeye atabaki ngoma ya mtu mmoja mpaka mmoja wao azikwe.

Triza, binti yao anayekaa Donholm, akaja Jumamosi na dawa ya kisasa. Spika ndogo ya kuning'iniza shingoni, na nyimbo ndani ya simu.

"Baba, hii haichoki kama mama. Bonyeza tu hapa."

Akabonyeza. Ukatoka wimbo wa vijana, wa mwendo wa kukimbizana. Na ubongo wa Kweyu, ambao mguu wa kwanza uliupata vizuri, ukaona unaachwa, ukaongeza mwendo. Hatua zikawa ndogo ndogo, za haraka, za haraka zaidi, mzee akakata ua wa ploti ameinamia mbele, akaingia kwenye kamba ya nguo na kutokea upande wa pili amevaa shuka la Nzisa wa chumba cha pili.

"Huo wimbo una watu wanaofukuzwa na polisi," akasema ndani ya shuka.

Triza akaweka wa injili, wa taratibu. Ukamchukua Kweyu vizuri kabisa hadi katikati ya ua. Hapo mwimbaji akaacha kuimba, akaanza kushuhudia jinsi alivyookolewa na ni nani waliomcheka kabla ya hapo. Kweyu akasimama. Ushuhuda ukaendelea. Jua likampiga utosini. Wapangaji wakampita kila mmoja na ndoo yake, mpaka yule mwimbaji alipomaliza na maadui zake akarudi kwenye wimbo, na mzee naye akarudi kwenye mguu.

"Basi tuweke ule mlio wa Mitchelle, ko, ko," akasema Triza.

"Mimi si saa ya ukutani," akasema Kweyu, akavua spika, mambo yakaishia hapo.

Nerima alirudi kwa Mitchelle akiwa hana hata nguvu ya kulalamika. Akaeleza. Yule msichana akasikiliza, kisha akamwomba amtembeze mzee mbele yake kama wanavyofanya nyumbani, ila katikati anyamaze kidogo, aone. Nerima akapiga makofi, akanyamaza. Mguu wa Kweyu ukapunguza mwendo, ukasita. Papo hapo hee-ya ikamtoka Nerima, mzee akaenda. Wakarudia. Ikawa vile vile. Wakarudia tena.

"Mama," Mitchelle akasema polepole, "unamwokoa mapema."

"Ataanguka."

"Anaweza kusita bila kuanguka. Ukinyamaza, ubongo wake haulali. Unabaki unalingoja lile pigo, unalitafuta. Huko kulingoja ndiko tunakokutaka. Pigo asilolisikia, alipige mwenyewe ndani. Lakini wewe humpi nafasi ya kulikosa."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umevaa viatu vyeupe. Nerima aliyejua jinsi mwili ule ulivyo mzito ukishakuwa chini, aliyemwinua na ngoma barabarani, hakuweza. Alijaribu nyumbani. Kila akiapa kufunga mdomo, mguu ukisita, mdomo ulijifungua. Mwezi ukawa unakwisha, na yeye akajua kwamba aliyekwama katika nyumba ile si Kweyu peke yake.

Ikafika Jumapili ya matembezi makubwa ya kanisa. Kweyu akavaa kanzu tangu asubuhi, akakaa kitini kama bwana harusi.

Mulongo alipomwona alikuna kidevu. "Baba Triza, wewe utapanda pikapu pamoja na kina mama wajawazito. Tutakuona kule mwisho."

"Mimi nina mimba?"

"Hapana, baba, lakini..."

"Basi mimba yenu ipande gari. Mimi nitatembea."

Hakuna aliyetaka kubishana na mtu ambaye miezi michache nyuma walikuwa wakimngojea atabiri. Akawekwa nyuma ya ngoma, Nerima kando yake. Ngoma siku hizo alikuwa nayo Ambaro, kijana wa karakana, ambaye Kweyu alimfundisha mwenyewe na bado hajamsamehe kwa kujua.

Ngoma ikalia, bendera ikasonga, na Kweyu akaenda. Nerima alitembea kando yake, mikono imening'inia, hajui aipeleke wapi. Kwa mara ya kwanza tangu masika mtu mwingine alikuwa akiifanya kazi yake. Aliusikia mdundo ule kifuani, ukimchukua na yeye, na akawaza kwa aibu kidogo kwamba angeweza kulala huku akitembea. Wakapita mahakama, wakavuka, wakaingia Kaloleni.

Hapo akaliona turubai. Limefungwa kando ya njia, viti vya plastiki chini yake, wanawake wamejifunga leso, picha ya marehemu juu ya meza. Nerima akamsogelea mumewe.

Kanisa lao lina desturi. Likipita penye msiba, ngoma haipigwi. Mpiga ngoma huinua mkono, na kuanzia hapo hakuna sauti, hakuna wimbo, hakuna kofi, hata kikohozi watu hukimeza. Lakini miguu haisimami. Kanisa zima hupita kwa pigo ambalo halipo, kila mtu akilishika kichwani, kulia, kushoto, wote pamoja. Wakishapita, ngoma hurudi, na fahari yao ni kwamba ikirudi iwakute wote kwenye mguu mmoja. Anayepiga kofi mbele ya wafiwa huonwa kama amewacheka. Wapo waliotengwa kwa jambo hilo.

Ambaro akainua mkono.

Kimya kikashuka. Ukabaki msasa wa viatu kwenye mchanga. Kweyu akatoa mguu mmoja, akatoa mwingine, ule wa kwanza tena. Halafu kisigino kikaanza kucheza. Mguu wa kushoto ulikuwa umeinuka nusu, umebaki hapo, unatetemeka, na watu wa nyuma wanakuja.

Nerima akahisi ile hee-ya ikipanda. Ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama mama mmoja wa msiba, mdogo kwake, macho yamevimba, anazitazama kanzu zikipita kama anaangalia mvua. Akaweka kiganja mdomoni. Akakikaza mpaka meno yakamwumiza mdomo kwa ndani. Aanguke basi, akawaza. Na mimi nitaketi chini kando yake, tuzuie barabara wote wawili.

Mkono wa kulia wa Kweyu, ule uliowahi kupigiwa vigelegele, ukatulia. Kisha ukaanza kugonga paja lake juu ya kanzu, bila sauti, ncha za vidole tu. Alikuwa haangalii mtu. Uso wake ulikuwa na ile sura ya zamani, ya mtu anayesikiliza kitu ambacho wengine watakisikia baadaye. Kidole kikagonga, na mguu wa kushoto ukashuka pale kilipogonga. Kikagonga, wa kulia ukafuata. Alikwenda hivyo mbele ya turubai lote, mbele ya picha ya marehemu, hadi ukuta wa mwisho.

Ambaro akashusha mkono, ngoma ikalia.

"Umechelewa," akasema Kweyu, kwa sauti ya kumfikia.

"Sijachelewa, mzee," Ambaro akajibu bila kugeuka.

"Nimeshakanyaga, ndiyo wewe unapiga. Unanifuata mimi au nakufuata wewe?"

"Mzee, watu wote wamekuwa sawa."

"Wote walikuwa wamechelewa."

Wakaendelea hivyo, wanabishana na wanatembea, mgongo wa kanzu ya Kweyu ukichanganyika na migongo mingine. Hakugeuka kumtafuta mkewe. Haikumpitia akilini.

Nerima alikuwa amepunguza mwendo bila kujua. Watu wakampita kulia na kushoto, wengine wakamgusa bega, mwishowe ikapita ile pikapu ya wajawazito, na yeye akabaki. Akaona ukingo wa mtaro wenye kivuli, akaketi. Hakushangilia. Alijua vizuri kwamba kesho mzee anaweza kukwama mlangoni tena, na keshokutwa pia, na kwamba ugonjwa haukuondoka kwa sababu umepita msiba. Lakini sasa alijua anaweza kumwacha asite. Alijua kinachotokea kimya kikipewa nafasi yake.

Akatoa simu kifuani. "Apondi. Mwambie mwenye bucha nakuja Jumatatu."

"Na mzee?"

"Mzee yuko barabarani, anagombana na watu."

"Haya. Njoo na mwiko wako, huu wangu huyo shemeji aliuazima akauvunja." Apondi akakata.

Ngoma ilikuwa imeshafika mbali, inasikika na kupotea kati ya nyumba. Nerima akavua kiatu kimoja, akakanyaga saruji ya baridi. Kijana wa bodaboda akasimama mbele yake, akaashiria kwa kidevu.

"Mathee, watu wako wanapotelea pale kona. Panda nikufikishe."

"Waache waende," Nerima akasema, na akaanza kufungua kiatu cha pili.